Fundi Apewe Ramani ya Saketi

Soko la Kariokor jijini Nairobi limejijengea jina kwa viatu vya ngozi, na kiatu kikifumuka fundi huona palipoachia. Fundi wa gemu za mkononi hana bahati hiyo. Chukua Nintendo Switch, iliyoingia sokoni mwaka 2017. Betri yake ya lithiamu ni ya volti 3.7, ikijaa hukaribia 4.2, ikielekea kuisha hushuka karibu na 3. Prosesa haistahimili kupanda na kushuka huko, tena inataka volti moja hivi tu. Ndiyo maana bodi ina vidhibiti umeme: swichi ndogo huwasha na kukata umeme mara laki kadhaa hadi mamilioni kwa sekunde, koili na kapasita zikiusawazisha, huku saketi ikipima kinachotoka na kurekebisha muda wa kuwasha. Upande wa kuchaji, chipu iitwayo M92T36 huelewana na chaja kuhusu volti za kutumia: 5 au 15. Mafundi wanaijua vizuri kwa kuungua kwake. Ikiungua, mashine hukataa chaji ingawa betri, skrini na prosesa vyote ni vizima.

Kutupa mashine nzima kwa sababu ya chipu moja ndogo ni hasara isiyo na sababu. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake inapogeuka taka. Jukumu hilo lianze mapema: atoe ramani ya saketi, aonyeshe volti zinazotarajiwa kila sehemu, na auze vipuri. Umoja wa Ulaya umeagiza betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji kuanzia Februari 2027. Ni hatua njema, ila haimfai mwenye chipu iliyoungua.

Wapo wanaosema lithiamu ni hatari mikononi mwa fundi wa mtaani. Ni kweli inaweza kulipuka, lakini hatari huzidi fundi anapobahatisha, na bila ramani hana budi kubahatisha. Wengine hutetea siri za biashara. Ramani huonyesha jinsi chipu zinavyoungana, haifichui kilichomo ndani ya chipu zenyewe. Na kampuni shindani yenye maabara inaweza kuufuata mchoro huo kwenye bodi yenyewe. Anayezuiwa na siri hiyo ni fundi mwenye mita moja ya kupimia umeme mezani.