Mtoto anayejua msimamo wa ligi hajashindwa hesabu

Nenda shule yoyote Jumatatu asubuhi baada ya dabi ya Kariakoo. Watoto wa darasa la sita watakuambia nani kafunga, dakika ya ngapi, na timu yao inahitaji pointi ngapi kutwaa ubingwa. Kengele ikilia, haohao wanaingia darasani na kuambiwa hesabu zimewashinda.

Hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Tofauti ya mabao ni namba chanya na hasi. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja inacheza na mwenzake nyumbani na ugenini. Muulize mtoto jumla ya mechi, atafika 240 huku anacheka. Swali hilohilo likija kwa mikungu ya ndizi, anasinzia. Na lile gazeti la michezo ambalo mwalimu humnyang'anya chini ya dawati, huenda ndilo Kiswahili pekee anachosoma bila kulazimishwa.

Wapo wanaosema mpira unaharibu masomo. Hoja hiyo si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliwahi kuyasimamisha mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, eti watoto wasome kwanza. Baadaye yakarudishwa. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba watoto wa miaka ile walifaulu zaidi kwa sababu hawakugusa mpira.

Safari hii angalau mtaala umeusikia uwanja. Tangu Januari 2024, mkondo wa amali unampa mwanafunzi wa sekondari nafasi ya kusomea michezo kama fani. Sawa, lakini karatasi haichezi mpira. Viwanja vya shule vimemegwa, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kutolewa kafara mtihani ukikaribia, na mwalimu wa michezo mara nyingi ni yule wa Jiografia aliyewahi kuchezea timu ya chuo.

Wasichana wa Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 nchini India mwaka 2022, wakiwa na umri wa kukaa darasani. Binti kama huyo asilazimishwe kuchagua kati ya daftari na njumu. Na wale wasio na mguu wa kucheza, ambao ndio wengi, klabu zinahitaji waamuzi, matabibu, wahasibu na wachambuzi wanaojua takwimu, siyo kelele tu.

Waliochagua amali kidato cha kwanza mwaka 2024 wanamaliza kidato cha nne 2027, mwaka ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimepangiwa kuandaa Afcon. Wizara na TFF wakae meza moja sasa, waseme hadharani ni shule zipi zina uwanja na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na zisizo navyo zitavipata lini.