Kulfi ya Mchuuzi: Tutazame Maji, Tusitazame Mkokoteni

Mtu akienda India kumsindikiza mgonjwa hurudi na mengi ya kusimulia. Sisi tuliporudi kutoka Mumbai, mji ambao wengi tuliuzoea kwa jina la Bombay, jambo lililotukaa moyoni ni kipande kidogo cha kulfi.

Jioni moja mgonjwa wetu, baba wa makamo aliyekuwa akitibiwa moyo, aliomba tumpeleke ufukwe wa Chowpatty apunge upepo. Alipomwona muuza kulfi akasema, "Jamani, mwezi mzima nameza dawa chungu. Niacheni leo nilambe kitu kitamu." Tulimkatalia. "Baba, vyakula vya barabarani vitakumaliza," tulimwambia, naye akanyamaza. Kisha sisi wenyewe, kwa kiu, tukaingia katika duka lenye meza zinazong'aa, tukanywa maji ya miwa yenye vipande vya barafu. Usiku ule wawili wetu tuliharisha hadi alfajiri, na mgonjwa ndiye aliyeamka kutukorogea maji ya chumvi na sukari!

Kisa kimoja si ushahidi, wala hatuwezi kuapa kwamba barafu ile ndiyo iliyotudhuru. Lakini kilitufanya tujiulize: tulipomkatalia baba yule, je, tulipima hatari ya ugonjwa, au tulipima umaskini wa mwenye mkokoteni?

Hebu tuitazame kulfi yenyewe, ambayo hata watu wa Mombasa na Unguja wanaijua. Maziwa huchemshwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu, yakikorogwa yasiungue, mpaka yapungue na kuwa mazito. Hutiwa sukari na iliki, pengine zafarani na pistachio. Kisha humiminwa katika vikopo vyembamba vya bati, hufunikwa, na kwa desturi ya zamani kifuniko huzibwa kwa unga uliokandwa. Vikopo hutumbukizwa katika mtungi wa udongo uliojaa barafu na chumvi. Chumvi huifanya barafu iyeyuke na kuwa baridi zaidi, chini kabisa ya nyuzi sifuri, na hivyo maziwa huganda bila umeme. Huo ni ufundi wa kweli.

Kwa upande wa afya, kuchemsha huko ni jambo jema. Maziwa yaliyochemka vizuri hayana tena vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe wala vya homa ya matumbo. Basi hatari huingia wapi? Huingia baada ya moto kuzimwa. Wengi hudhani kwamba baridi huua vijidudu. Sivyo. Baridi huvilaza tu, na vingi huamka vikipata joto. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni maji machafu yaliyoganda, basi.

Mwaka 1884, Robert Koch alipokuwa Calcutta akichunguza kipindupindu, alivikuta vijidudu vyake katika maji ya bwawa walilotumia watu wa hapo. Somo hilo halijachakaa. Muuza kulfi anapotoa kikopo mtungini, maji ya barafu na chumvi hutiririka juu yake. Hukisugua kwa viganja ili kulfi iachie, huikata kwa kisu, huiweka katika sahani iliyosuuzwa ndani ya ndoo. Hapo ndipo pa kutazama: viganja, kisu, ndoo. Tena kulfi iliyoyeyuka ikagandishwa upya isiliwe, maana ilipoyeyuka vijidudu vilipata nafasi ya kuzaana.

Wakuu wa chakula wa India waliliona tatizo la barafu. Mwaka 2018 waliagiza barafu isiyo ya kuliwa itiwe rangi ya buluu, ili mnunuzi aitambue kwa macho. Hatua hiyo tunaipongeza, kwa kuwa inampa mtu wa kawaida uwezo wa kuchagua.

Lakini mchuuzi naye apewe nini? Mwaka 2014 India ilitunga sheria ya kulinda riziki ya wachuuzi wa barabarani na kuwapangia mahali pa kuuzia. Maoni yetu ni kwamba mahali pasipo na bomba la maji safi hapajatosha. Kumfukuza mchuuzi ni rahisi, na kesho atauza kichochoroni kwa ndoo ileile. Kumpa maji, sabuni na mafunzo ni kazi ngumu zaidi, lakini ndiyo inayomlinda mtoto anayekula na mtoto wa mchuuzi anayesubiri ugali wake, au tuseme chapati yake, nyumbani. Na miji yetu ya Afrika Mashariki ijitazame katika kioo hicho hicho.

Kuhusu sukari, tusidanganyane. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 1 ya 10 ya nguvu tunazopata katika chakula. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko vidogo 12 hivi. Kulfi ina sukari pamoja na mafuta ya maziwa. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo amwulize kwanza daktari wake, na kipande kiwe kidogo, tena cha siku mojamoja.

Na ukiharisha, usingoje. Chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, unywe kidogo kidogo. Mtoto mchanga, au yeyote anayeharisha damu, apelekwe zahanati mara moja.

Kabla ya kuondoka Mumbai tulimwuliza daktari, akaruhusu. Tukarudi Chowpatty, tukamtafuta mchuuzi aliyenawa kwa maji ya bomba na kutoa kulfi juu ya kijiti bila kuigusa. Baba akala polepole, akatumegea kila mmoja wetu. Tulimwomba radhi. Akacheka, akasema, "Sasa mmejifunza kuuliza kabla ya kukataza."