Sauti Nayo Ipewe Alama



Wauguzi wengi wanaosoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao hawaachi kazi. Wanatoka zamu ya usiku, wanafungua kompyuta, wanajibu swali la mhadhiri kwa maandishi, kisha wanageukia kazi ya kikundi. Kazi hiyo twajua inavyokwenda: mmoja anaandika, wawili wanasahihisha, waliobaki wanatia majina. Mhadhiri anasahihisha waraka, na matokeo yanasema wote wamefaulu mawasiliano na kazi ya pamoja. Makala hii inashikilia kwamba alama hizo zimepima uandishi tu.

Tuchukue simu ya usiku kutoka wodi ya wazazi. Muuguzi mmoja husema, “Daktari, huyu mama hali yake si nzuri, naomba uje.” Mwingine husema, “Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Nina mama anatoka damu nyingi. Ni uzao wake wa tano, amejifungua kawaida saa moja iliyopita. Presha 80 kwa 50, mapigo 128, kizazi kimelegea. Nimeshamchoma oksitosini, nakisugua kizazi, na dripu mbili zinakwenda. Naomba uje sasa hivi, na maabara waandae damu.” Huenda wote wawili wanaijua hatari ile ile. Wa pili amezoezwa kupanga maneno: hali ilivyo, historia, tathmini, ombi. Mpangilio huo, ujulikanao kama SBAR, ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaingizwa hospitalini kupitia shirika la huduma za afya la Kaiser Permanente. Haukai kichwani kwa kusomwa. Hukaa ulimini kwa kusemwa.

Hapa ndipo masomo ya mtandaoni yana nafasi ambayo hatujaitumia. Simu ile ni sauti tupu. Mwanafunzi aliye Kigoma na mwenzake aliye Mombasa wanaweza kuifanyia mazoezi vile vile itakavyokuwa kazini, na sauti haimalizi bando kama video. Mmoja apige, mwenzake apokee akiwa daktari mwenye haraka, wa tatu asikilize na kuandika kilichosahaulika. Mpokeaji arudie dawa na dozi alizosikia kabla ya kukata. Kisha wabadilishane, na mhadhiri asikilize rekodi.

Wanaodhani haya ni mapambo ya mtaala waitazame Ifakara. Hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa nane, katika miji minane duniani, zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vya wagonjwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo inataka, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Anayejulikana kwa jina huona rahisi zaidi kufungua mdomo anapoona kosa.

Kwetu kufungua mdomo kuna uzito wake. Muuguzi kijana amelelewa kumwamkia mkubwa na kutomkatiza, na daktari bingwa ni mkubwa kwa umri na kwa cheo. Heshima hiyo tuilinde, na tumpe muuguzi maneno ya kuitumia: “Daktari, samahani, nina wasiwasi na dozi hii.” Asiposikika, aseme tena, asiposikika mara ya pili, ampigie msimamizi. Mwanafunzi wa uzamili ayajue maneno haya kwa pande zote mbili, kwani kesho yeye ndiye msimamizi atakayepigiwa.

Ombi letu kwa vyuo ni hili. Wakae wanafunzi wa uuguzi, udaktari na ufamasia katika darasa moja la mtandaoni, wafundishane, kama Shirika la Afya Duniani lilivyohimiza mwaka 2010. Uongozi wa kikundi uzunguke kila wiki. Na katika kila somo la mawasiliano, angalau nusu ya alama zipatikane kwa kusema na kusikiliza. Mwanafunzi husoma kile anachojua kitapimwa; tukiipima sauti, ataizoeza.