Minyaa Peke Yake Haimtoshi Mbwa

Ua wa minyaa ndio uzio wa kaya nyingi za Bariadi, mkoani Simiyu. Hoja iliyochapishwa kwamba ua huo unamtosha mbwa, na kwamba mengine ni mbwembwe za kizungu, imesahau utomvu. Tawi la mnyaa likivunjika hutoa maziwa meupe yanayobabua ngozi, na yakiingia jichoni huweza kupofusha. Mbwa naye hupenya uzio kwa kutanguliza pua na macho. Hakuna haja ya kung'oa ua: wavu wa waya upande wa ndani unatosha, mradi ukingo wake wa chini ufukiwe, maana mbwa huchimba.

Katika hoja hiyo pamba haikutajwa hata kidogo, ajabu kwa mkoa unaoishi kwa pamba. Viuadudu na chupa zake visikae uani. Mbegu na mashudu yafungiwe stoo, kwa kuwa yana gosipoli, sumu inayoweza kudhuru moyo wa mbwa. Mbarika nao usioteshwe; punje zake zikitafunwa huweza kuua.

Kivuli na maji havina ubishi: mwembe mmoja wa kivuli, karai zito la maji.

Lililobaki ni dai la hoja hiyo kwamba uzio ni shauri la mwenye nyumba tu. Sivyo, mbwa anayezurura huwagusa wengine. Simiyu inapakana na Serengeti, ambako mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takribani theluthi moja ya simba, na mbwa wa vijiji jirani wakahusishwa na virusi vya ugonjwa huo. Uzio hauzuii virusi bila chanjo, lakini mbwa aliyezoea kukaa uani hupatikana kirahisi siku ya kuchanjwa, ikiwemo chanjo ya kichaa cha mbwa.