Nani, Nini, Lini: Maneno Sita Yamfaayo Mama

Mama wa Isansa hana haja ya kwenda mbali ili akutane na Kiingereza. Kijana wake akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yako katika lugha hiyo. Na barabara ile ipitayo Vwawa, ikifika Tunduma, huvuka na kuingia Zambia, ambako Kiingereza ndicho lugha rasmi. Wengi wetu tuliishia darasa la saba na tunaona haya kufungua kinywa. Basi mwezi huu tuanze na maneno sita tu ya kuuliza.

Nani ni "who", nalo husomwa "hu". Nini ni "what", lini ni "when", wapi ni "where", kwa nini ni "why", na namna gani ni "how", lisomwalo "hau". Mtoto akichanganya "who" na "how" usimkaripie, maana herufi ni zile zile tatu.

Sisi husema "Unakwenda wapi?", swali likaja mwishoni. Mwingereza hulitanguliza: "Where are you going?" Kwa hiyo, unapomsikiliza, tega sikio mwanzoni. Neno la kwanza likikupita, swali zima limekupita.

Tena usitafsiri neno kwa neno. Sisi huuliza "Jina lako nani?", lakini kwa Kiingereza ni "What is your name?" Ukimwambia mgeni "Who are you?" ataona unamfokea. Ukiuliza bei, sema "How much is this?" Ukiuliza umri wa mtoto, "How old is he?", hakuna kutaja miaka mingapi.

Maneno hayo sita ndiyo pia kazi ya mwandishi wa habari. Habari iliyo kamili huyajibu, na mengi yake hujibiwa katika sentensi za mwanzo. Mwezi wa Mei 2020 Rais Edgar Lungu wa Zambia alitangaza kuufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, baada ya wagonjwa wengi wa UVIKO-19 kuonekana katika mji huo. Hapo tunajua nani alifunga, nini kilifungwa, lini, wapi, na kwa nini. Namna gani? Kwa muda, si kwa daima.

Sasa fikirini habari hiyo ikitembea kwa miguu kutoka Tunduma hadi Mlowo, na kutoka Mlowo hadi kwetu. Ikifika kisimani imebaki maneno mawili: "Mpaka umefungwa!" Mama mwenye magunia ya mahindi anashikwa na hofu, na mchuuzi aliyekuja na gari anampa bei ya kutupa. Labda mpaka ulifungwa wiki iliyopita na umekwisha kufunguliwa. Labda ni malori tu yaliyozuiwa. Kabla ya kufungua gunia, na aulize: Nani kasema? Amesikia redioni, au kaambiwa na huyo huyo mnunuzi? Umefungwa lini? Mimi nadhani swali la "nani kasema" limeokoa mali nyingi kuliko kufuli. Mumeo akileta habari ya bei ya kahawa, muulize vivyo hivyo kwa upole: ni bei ya kilo ya kahawa ipi, na italipwa lini?

Neno "when" lina mtego wake. Saa yetu ya Kiswahili hutofautiana na ya Kiingereza kwa saa sita, na saa ya Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mnunuzi wa Nakonde akikuambia "Come at nine", usifike saa tisa. Ni saa tatu asubuhi, tena saa tatu ya kwao, ambayo upande wetu imekwisha kuwa saa nne. Muulize tu, bila haya: "Tanzania time or Zambia time?"