Nyumba Inayouzwa na Uso Wake

Ndugu msomaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo huwajia wengi pale wanapokusudia kuuza nyumba, na mara hukimbilia dukani kununua chokaa na rangi. Si vibaya. Mnunuzi huanza kuitazama nyumba akiwa angali njiani, na aghalabu hukata shauri moyoni mwake kabla hajavuka kizingiti. Lakini yapo matengenezo yanayoiponya nyumba, na yapo yanayoficha maradhi yake. Leo tuitazame tofauti hiyo, tukichukua mfano wa mji wa Tabora, ambako nyumba za kila umri husimama mtaa mmoja.

Mji huo ulikua katika karne ya 19 juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, ambalo limefanywa makumbusho. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Nyumba ya namna hiyo haikuweza kuachwa bila kuangaliwa, kwa kuwa mvua ilikuwa adui wake wa kila mwaka. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora, na ujenzi ukabadilika. Ndiyo sababu leo, ukitembea Gongoni, Kanyenye au Ng'ambo, utakuta nyumba ya matofali mabichi, ya matofali ya kuchoma na ya saruji zikipakana. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya nyingine.

Tuanze na paa, kwani nyumba huharibika kutoka juu. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Basi kazi za nje zifanywe wakati wa kiangazi, baina ya Mei na Oktoba. Panda au umpandishe fundi akague bati moja moja: lililotoboka kwa kutu libadilishwe, na misumari iliyolegea ing'olewe ipigwe mingine. Kupaka rangi juu ya bati lililotoboka ni kupoteza fedha. Mvua ya kwanza itatoa ushahidi. Kisha tazama mifereji ya paa. Pasipo na mfereji, maji hudondoka kwa nguvu, huchimba ardhi karibu na msingi na kurusha tope jekundu ukutani. Mnunuzi mwenye macho akiliona doa hilo jekundu hutambua kwamba msingi unakunywa maji. Chimba mtaro wenye mteremko unaoyaongoza maji mbali na nyumba, lakini usiyaelekeze katika ua wa jirani.

Baada ya paa, kuta. Wahenga walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba, uulize ufa huo umetoka wapi. Ufa mwembamba kama unywele ulio katika lipu peke yake si jambo la kutisha. Ufa mpana unaopanda kutoka chini, ukapita katika tofali zenyewe, ni dalili kwamba msingi umetitia. Huo ni kazi ya fundi, wala si ya brashi. Na hapa ndipo wengi hukosea: wakiona ukuta wa matofali mabichi umechakaa, huupiga lipu ya saruji ili ufanane na nyumba za kisasa. Saruji ni ngumu, nao udongo ni laini. Unyevu ulio ndani ya ukuta hushindwa kutoka, na baada ya muda lipu hubanduka vipande vipande pamoja na udongo wenyewe. Ukuta wa udongo utengenezwe kwa udongo, kisha upakwe chokaa.

Chokaa nayo ina adabu zake. Kwangua vumbi na mabaki ya zamani, lowesha ukuta kwa maji, kisha paka chokaa nyepesi mara mbili au tatu, ukingojea kila mkono ukauke. Mkono mmoja mzito hupukutika. Wengi hutia chumvi kidogo ili ishike vizuri. Chokaa huunguza ngozi na yaweza kudhuru macho. Basi watoto wawekwe mbali siku ya kuichanganya.

Adui wa tatu ni mchwa. Chunguza nje ya kuta, hasa nyuma ya nyumba na penye milango, uone kama kuna njia nyembamba za udongo zinazopanda. Kuzikwangua na kupaka rangi juu yake hakumfukuzi mchwa; atajenga nyingine. Fuata njia mpaka zinakotoka, uondoe kuni na mbao zilizorundikwa ukutani, na miti iliyokwisha kuliwa ibadilishwe. Wakazi wa nchi ya miombo wana bahati ya kuwa na mninga, ambao kiini chake huwastahimili mchwa vizuri. Mlango wa mninga uliofifia hauhitaji kutupwa. Upige msasa, uupake mafuta au vanishi, nao utarudisha rangi yake.

Na kama nyumba yako ni ya zamani, ina mlango uliochongwa nakshi, usikubali haraka kuung'oa na kuuza kando kwa mchuuzi apitaye. Mlango wa namna hiyo uliochongwa kabla ya mwaka 1940 unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Uliza kwanza kwa wahusika wa mambo ya kale. Mara nyingi mlango huo ndio uzuri wa nyumba nzima, na nyumba iliyong'olewa mlango wake wa asili hubaki kama mzee aliyeporwa kilemba.

Sasa tushuke uani. Miembe ni sehemu ya sura ya Tabora tangu zama za misafara. Wapo wanaoukata mwembe ili nyumba "ionekane" kutoka barabarani. La hasha! Mwembe huchukua miaka mingi kukua, na mnunuzi atakayekuja mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali, atashukuru kuzungumza bei kivulini. Kata matawi makavu na yanayogusa paa tu. Ua wa minyaa upunguzwe usawa mmoja, kwa tahadhari, kwani utomvu wake huumiza macho vibaya. Takataka zizolewe, choo kisafishwe, na njia ya kuingilia ifagiliwe.

Jambo jingine la nje ambalo brashi haligusi ni mipaka. Fyeka nyasi mpaka mawe ya mipaka yaonekane, kama kiwanja kimepimwa. Kama hakijapimwa, waite majirani wa pande zote pamoja na viongozi wa serikali ya mtaa, mkubaliane mbele ya mashahidi kabla mnunuzi hajafika. Mzozo wa hatua mbili za ardhi umewahi kuvunja ujirani wa miaka mingi.

Ndugu msomaji, pengine utasema: kwani mnunuzi hana macho yake? Anayo. Lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huhesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa aweza kuukataa mkataba. Kuziba ufa wa msingi kwa lipu ili usionekane ni kuficha. Mwoneshe ufa, mwambie gharama ya fundi, mpatane bei. Utapata pungufu kidogo, lakini fedha utakayopata itakuwa yako bila kesi.

Mwisho, lipo jambo linalopaswa kutangulia yote hayo. Nyumba ikianza kupakwa chokaa, mtaa mzima hujua kwamba inauzwa. Je, walio ndani wanajua? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye huwajibika kwa warithi wote. Ni aibu kubwa mama mjane aketi barazani pake, aone wageni wakipima ukuta kwa kamba, awaulize wanatafuta nini, wamjibu kwamba wameelekezwa na mwanawe.

Basi mpango wa kazi uwe hivi: kwanza kikao cha familia, pili hati na mipaka, tatu paa na mtaro, nne kuta na mbao, tano ua. Chokaa na rangi vije mwisho. Nyumba iliyotengenezwa kwa utaratibu huo itajiuza yenyewe, na hata mnunuzi asipotokea mwaka huu, wewe na wanao mtalala mahali pakavu mvua za Novemba zitakapoanza.