Kokoto Isiyoonekana Kiatuni

Mama anayeuza nguo Majengo, Meru, hushinda wima tangu asubuhi. Jioni huvua kiatu akitafuta kokoto inayomchoma chini ya vidole, asiione. Je, msomaji, yamewahi kukupata?

Huenda hiyo si kokoto bali ni mshipa wa fahamu. Mara nyingi ni ule upitao kati ya kidole cha tatu na cha nne. Kiatu kilichochongoka mbele, hasa chenye kisigino kirefu, huubana hadi nyama inayouzunguka ikawa nene. Ndipo huja moto, kuchoma kama umeme na ganzi vidoleni. Ugonjwa huu huitwa kwa jina la Thomas Morton, daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1876.

Tiba ya kwanza ni kiatu kipana chenye kisigino kifupi. Ukinunua cha mitumba, vaa vyote viwili, usimame, vidole vicheze. Usidanganywe kwamba "kitapanuka". Maumivu yakizidi, daktari ana sindano, na mwisho upasuaji.

Lakini ganzi ikishika nyayo zote mbili, usilaumu kiatu tu. Nenda upimwe sukari mapema, kwani kisukari nacho huharibu mishipa ya fahamu, na mguu usiohisi kidonda huweza kukatwa.